Hakuna Aliyetuuliza Kuhusu Macho ya Mjomba

Mjomba alifariki saa tisa usiku katika hospitali moja kubwa hapa Nairobi. Moyo. Alikuwa na miaka 61. Mkewe alikuwa ametangulia, watoto hawakujaliwa, kwa hivyo ndugu wa karibu alikuwa mama yangu. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumesimama kwenye dirisha la mochari, mama, mimi na mdogo wangu, tukijibu maswali.

Yalikuwa mengi. Kitambulisho cha marehemu kiko wapi? Nani anasaini? Bili ya wodi imelipwa? Mwili utakaa siku ngapi? Mnataka uwekwe dawa? Mnazika wapi, manake kama ni mbali lazima mtafute gari mapema. Hapo getini jamaa wa majeneza alitufikia kabla hatujapanguza machozi, akataka kujua urefu wa marehemu. Saa mbili asubuhi kulikuwa na grupu ya WhatsApp, mweka hazina na namba ya kutumia mchango. Kila mtu mwenye kitu cha kutuuzia alijua tumefiwa.

Swali moja tu halikuulizwa: je, mngependa kutoa macho yake yamsaidie mtu mwingine?

Mdogo wangu alikuwa amesimama hapo kando yangu. Ana miaka 23. Jicho lake la kushoto linaona ukungu na la kulia linaelekea huko huko. Faili yake ilikuwa kwenye kliniki ya macho ya hospitali hiyo hiyo, mwendo wa dakika tano kutoka mochari, ikingoja konea itoke ng'ambo kwa ndege. Miadi yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Sababu aliyopewa ni moja: konea haijafika.

Nielewe vizuri. Sisemi konea za mjomba zingewekwa kwa mdogo wangu. Foleni ni foleni, na kuna watu walioanza kungoja kabla yake. Lakini foleni ingesogea watu wawili. Badala yake, siku ya Jumamosi tulizika konea mbili zilizotoka kwa mtu aliyeona vizuri mpaka jioni ya mwisho, halafu Jumatatu mdogo wangu akarudi kliniki kuuliza kama ndege imefika.

Hiyo ndiyo sababu naandika. Nimechoka kusikia kwamba shida yetu ni umaskini, au mila, au ukosefu wa mashine. Shida yetu ya kwanza ni kwamba hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza.

Wacha nieleze kitu chenyewe. Konea ni kile kioo angavu cha mbele ya jicho, unene wake kama nusu milimita. Fikiria simu yako ikianguka. Betri iko sawa, kamera iko sawa, laini iko sawa, lakini skrini imepasuka na huoni kitu. Konea ikiharibika ndivyo jicho linavyokuwa. Nyuma yake kila kitu kinaweza kuwa kizima. Kwa sababu konea yenye afya haina mishipa ya damu, mwili wa anayepandikizwa haupigani nayo sana kama unavyopigana na figo, na mara nyingi hakuna haja ya kulinganisha kundi la damu. Hata mtu aliyevaa miwani maisha yake yote anaweza kutoa. Hata aliyekuwa na mtoto wa jicho anaweza.

Na si uvumbuzi wa juzi. Upandikizaji wa kwanza wa konea uliofaulu ulifanywa Desemba 1905 na daktari Eduard Zirm, katika mji wa Olomouc ulio leo Jamhuri ya Czech. Mgonjwa alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Soma tena: kibarua, chokaa. Mtu wa mjengo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kijana wa mjengo wa hapa Nairobi akirukiwa na chokaa au saruji machoni, huenda akaambiwa angoje ndege.

Nani wanaongoja? Kuna mkulima aliyekwaruzwa na jani la mahindi, kidonda kikaingia kuvu, akaanza na dawa ya jirani na kufika hospitali akiwa amechelewa. Kuna fundi wa jua kali aliyerukiwa na kipande cha chuma akisaga geti bila miwani. Kuna mama wa Turkana au Narok ambaye trakoma imegeuza kope zake zikawa zinamkwaruza jicho kila anapopepesa. Kuna aliyeugua surua utotoni wakati mwili hauna vitamini A. Na kuna vijana kama mdogo wangu, wenye keratokonasi: konea inakuwa nyembamba na kuchongoka mbele kama koni, mpaka taa moja inaonekana kama taa tano. Ugonjwa huu huanza ujanani, na mara nyingi unaandamana na mzio na kule kukuna macho tulikozoea kuona ni kitu kidogo. Mwanzoni unaweza kuzuiwa au kusaidiwa na lenzi maalum. Ukizidi, kinachobaki ni konea ya mtu mwingine. Hapa Kenya ni mojawapo ya sababu kubwa za watu kuhitaji upandikizaji. Yaani tunaongea kuhusu watu wa miaka 20, wanaosoma, wanaotafuta kazi, wanaoanza maisha.

Dunia nzima hali ni hiyo. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 walikuwa wanangoja konea, na kwamba kwa kila watu 70 wanaohitaji, iliyokuwepo ni moja. Zaidi ya nusu ya watu duniani waliishi mahali ambapo huduma hiyo haipatikani kabisa.

Sasa, konea nyingi zinazopandikizwa hapa kwetu zinatoka nje, hasa Marekani. Asante yetu kwa familia hizo ni ya kweli. Lakini hebu tujiulize kwa nini Marekani wana konea za kutosha watu wao na bado wanapeleka maelfu nchi nyingine kila mwaka. Ni watu wakarimu kutuliko? Sidhani. Tangu 1998 hospitali zao zinatakiwa na kanuni za serikali kuripoti kila kifo kwa shirika linalohusika na viungo. Mtu akifa, simu inapigwa. Kisha familia inaulizwa na mtu aliyefunzwa kuuliza. Ndiyo siri yenyewe. Simu, na swali.

Na hiyo mitumba ya macho, nisamehewe kuiita hivyo, ina shida ambazo kila anayengoja anazijua. Konea iliyohifadhiwa kwa baridi hukaa siku 14 hivi, na madaktari wengi hupenda kuitumia mapema zaidi. Toa siku za vipimo, siku za makaratasi, siku za safari. Ndege ikichelewa, mgonjwa aliyetoka Lodwar kwa basi analala kwa jamaa Kayole akingoja. Tena mgonjwa analipia usafiri na huduma ya konea hiyo juu ya upasuaji. Na mwaka 2020 Kenya ilifunga safari za ndege za abiria za kimataifa kuanzia mwisho wa Machi mpaka Agosti mosi. Miezi minne. Watu hawakuacha kufa hapa nchini miezi hiyo minne, na konea zao hazikuhitaji ndege. Zilihitaji mtu wa kuziulizia.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hivyo wacha niyachukue moja moja.

La kwanza: Mwafrika hatoi macho, ni mila. Hii imesemwa sana mpaka inaonekana ni ukweli. Lakini kusema watu wamekataa, lazima kwanza wawe wameulizwa. Septemba 2013, siku za Westgate, Wakenya walipanga foleni kutoa damu mpaka jioni. Kwani mila zilikuwa zimeenda likizo? Watu walitoa kwa sababu waliombwa wazi wazi, wakaonyeshwa mahali pa kwenda, wakapata mhudumu yuko tayari na sindano.

Sri Lanka wanatufundisha hapa. Leo nchi hiyo ndogo inajulikana kwa kutoa macho, na imetuma konea kwa zaidi ya nchi 50. Mtu atasema ni dini yao, Ubuddha unasifu kutoa. Sawa, lakini dini hiyo ilikuwa huko kwa zaidi ya miaka 2,000 kabla macho hayajaanza kutolewa. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati daktari kijana, Hudson Silva, alipoandika gazetini akiwaomba watu watoe. Macho ya kwanza aliyahifadhi kwenye friji ya nyumbani. Mama yake alipofariki, konea zake zilipewa mkulima maskini. Mwaka 1961 akaanzisha chama cha utoaji macho, na miaka michache baadaye wakawa wanatuma nje. Imani ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuomba na mahali pa kuweka.

Na kama Sri Lanka ni mbali, nenda hapo jirani. Ethiopia walianzisha benki yao ya macho Addis Ababa mwaka 2003. Si nchi tajiri kutushinda. Si nchi isiyo na mila.

La pili: dini. Papa Pius XII aliongea na chama cha watoaji konea Mei 1956 na hakuona kosa katika jambo hilo. Baraza la kimataifa la fikihi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1988, liliruhusu kutoa viungo baada ya kifo kwa masharti, likiwemo idhini ya marehemu au warithi wake. Anayeharakisha mazishi asiogope pia: kutoa konea ni kazi ya chini ya saa moja.

La tatu ni la wazee wetu, na nalisema kwa heshima: marehemu atawaonaje mababu bila macho? Jicho lenyewe linaweza kubaki mahali pake. Kinachotolewa ni kile kioo chembamba cha mbele, kisha kope zinafungwa, na siku ya kuaga mwili hakuna atakayejua. Na tuambiane ukweli. Mwili huo tunaosema usiguswe, tumeshauruhusu ukatwe kwa upasuaji wa maiti na ujazwe dawa ili ukae wiki mbili tukichangisha pesa. Kama mababu wanavumilia formalini, watavumilia pia kijana aliyesaidiwa kuona.

La nne ndilo linalonishtua kuliko yote, na silidharau: hawa si watatuuza? Tumesikia habari za figo. Tumesoma kuhusu vijana waliolaghaiwa. Mtu akikwambia anaogopa hospitali itamwacha afe ili wachukue macho, usimcheke. Amefundishwa na nchi yake kuogopa. Lakini angalia: konea hutolewa baada ya moyo kusimama, mtu akiwa amekufa kabisa, na wanaomtibu hawapaswi kuhusika na uchukuaji. Kila konea inapewa namba inayoifuata kutoka kwa mtoaji mpaka kwa aliyepandikizwa. Biashara ya viungo inastawi pale ambapo hakuna daftari wala mwenye kuulizwa. Benki ya umma yenye daftari wazi, inayochapisha kila mwaka ilipokea ngapi na ilitoa ngapi, ni dawa ya uoga huo. Kukosa benki hakutulindi na mtu yeyote.

La tano: kwa nini tusiweke pesa kwenye kinga? Tuweke! Vitamini A, chanjo ya surua, maji ya kunawa uso, miwani ya kazi kwa fundi, dawa ya kuvu ifike kituo cha afya cha karibu. Kila jicho lililookolewa mapema ni konea moja isiyohitajika. Lakini kinga haimrudishii kuona aliyekwisha kupofuka. Huwezi kumwambia mdogo wangu akunywe vitamini.

Sasa benki ya macho ni nini hasa? Watu wakisikia jina hilo wanawaza jengo, mkanda wa kukatwa na waziri. Sisi tunapenda kuanza na mkanda. Tumeona mashine za kaunti zikikaa na makaratasi yake kwa kukosa mtu wa kuziendesha. Basi tuanze kinyume.

Kwanza ni mtu mochari na wodini, mchana na usiku, anayepigiwa simu kila kifo kinapotokea. Amefunzwa kukaa na waliofiwa, kusema pole na kumaanisha, kueleza, kuuliza, na kukubali jibu la hapana bila kununa. Wakisema ndiyo, anasaini nao fomu na kuuliza historia ya ugonjwa. Pili ni fundi aliyefunzwa anayetoa konea saa chache baada ya kifo na kuchukua damu ya kupima Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Tatu ni maabara: friji, dawa ya kuhifadhi, na hadubini maalum ya kuhesabu zile seli za ndani zinazofanya konea ibaki angavu, manake seli hizo zikifa hazioti tena. Nne ni foleni ya haki, ambayo haijali jina lako la pili wala unamjua nani. Hiyo tu. Madaktari wa kupandikiza tunao tayari, na upasuaji umefanywa hapa kwa miaka mingi.

Hyderabad, India, hivyo ndivyo walivyofanya. Benki ya macho ya Ramayamma, chini ya taasisi ya L V Prasad, ilianza 1989, na kazi yake kubwa imetegemea washauri waliowekwa ndani ya hospitali ili waongee na familia pale pale kifo kinapotokea. Leo taasisi hiyo imepandikiza makumi ya maelfu ya konea.

Na hapa nina neno na sisi vijana. Kila Oktoba, Siku ya Kuona Duniani ikifika, tunajaza fomu za ahadi, tunapiga picha na kadi, tunapost. Ni vizuri, lakini tusijidanganye. Kadi iko kwenye droo Rongai na wewe umeanguka Thika Road. Daktari hajui. Mama yako hajui. Sisi wa miaka 20 tutakufa, Mungu akipenda, miaka 50 ijayo. Mdogo wangu hawezi kungoja ahadi yangu. Konea za mwaka huu zinatoka kwa watu wanaokufa mwaka huu, na uamuzi uko kwa familia iliyosimama kwenye dirisha la mochari. Kampeni yoyote inayohesabu ahadi bila kuhesabu familia zilizoulizwa ni maonyesho.

Kwa hivyo tudai vitu vinavyohesabika. Kila hospitali kubwa ya umma yenye mochari, kuanzia Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret, iwe na washauri wa kuuliza, wenye mshahara na zamu ya usiku. Kila kifo kiripotiwe kwao. Sheria iseme wazi kwamba fundi aliyefunzwa anaweza kutoa konea, siyo lazima bingwa aamshwe usiku wa manane. Bima ya afya ya serikali ilipie konea ya hapa. Na kila mwaka tuambiwe: vifo vilikuwa vingapi, familia ngapi ziliulizwa, ngapi zilikubali, konea ngapi zilitumika.

Sheria ya kuanzia ipo. Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu mwenye akili timamu kutoa mwili wake au sehemu yake baada ya kufa, kwa wosia, kwa karatasi iliyosainiwa, au kwa kutamka mbele ya mashahidi wawili. Asipokuwa amesema chochote, inataja ndugu wanaoweza kuamua, kuanzia mwenzi wa ndoa. Kilichobaki ni mtu wa kuiamsha hiyo sheria saa tisa usiku.

Wiki mbili baada ya mazishi nilimuuliza mama. Nilingoja mdogo wangu atoke kwanza. Nikamwambia, mama, asubuhi ile, wangekuuliza kuhusu macho ya mjomba, ungesemaje?

Alinyamaza kwa muda, akiendelea kuchambua mboga.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Labda ningekataa. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Lakini huyu mtoto alikuwa amesimama hapo na mimi. Wangeniuliza."

Jioni hiyo tulikaa mezani watatu. Nikawaambia waziwazi, mama na mdogo wangu, kwamba nikifa konea zangu zichukuliwe. Mashahidi wawili, kama sheria inavyotaka. Mama akasema na yeye vivyo hivyo. Mdogo wangu akacheka, akasema zake hazina soko.

Miadi yake mpya ni mwezi ujao, kama ndege itafika.